Turubai Lililotiwa Buluu

Jumatatu, 9 Juni

Nimefua maturubai yote mawili, jeupe na jeusi. Maji matupu, bila sabuni, kama Madam Koku, bosi wangu wa mradi, anavyotaka. Nimesugua kwa sponji kama naogesha mtoto wa sultani. Nikaanika kivulini. Mgongo unauma. Wilaya nzima hakuna mwingine anayeiweza kazi hii, labda azaliwe kesho.

Kazi yenyewe: setilaiti inapita juu yetu asubuhi, kwa siku zake. Natandaza maturubai kwenye jangwa la chumvi, hapa mto Ruvuma unapokaribia bahari, ili yaonekane toka juu. Kiwandani walishayapima, wanajua weupe wa jeupe na weusi wa jeusi. Setilaiti nayo inasema ilichoona. Ofisini wanalinganisha. Ikikosea wanairekebisha. Madam anasema jicho lake linazeeka kama la mtu. Wanakijiji nimewaelezea kwa lugha ya korosho: setilaiti ni mizani, turubai ni jiwe la kupimia, na mwenye jiwe ni mimi. Wakaelewa. Wengine wakasimama kunipisha.

Kuna kifaa cha mkono cha kuhakikisha turubai halijabadilika. Kimekwenda Dar kutengenezwa tangu mfungo. Mpaka kirudi tunaamini cheti cha kiwanda. Na mimi.

Binasa kapita akienda shambani. Binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kanikuta natandaza.

"We mlinda shuka! Wenzio wanalinda benki."

Nikamwambia miguu yake inafukuza ndege kuliko sanamu, akasimame tu katikati ya mpunga, manati za nini. Alicheka mpaka akaketi chini.

Kwetu binamu ndiye mtani. Anakutukana, humjibu kwa hasira. Anachukua chako, humdai. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

Mpunga wake mwaka huu umebeba. Shamba linapakana na mikoko, la marehemu mama yake. Hana korosho, hana mume, hana mtoto aliye mjini wa kumtumia kitu. Ana mpunga ule na mdomo.

Jumamosi, 14 Juni

Mjukuu wa Binasa katolewa unyagoni leo. Kijiji kizima kimejaa ngoma. Nimekula wali mpaka mkanda umeomba radhi.

Ila turubai.

Mwali akitolewa hakanyagi mchanga. Anatandikiwa kanga toka alikofungiwa hadi kwenye mkeka wa wageni. Leo kanga zimekwisha njiani. Mwali kasimama, mafuta ya nazi yanamtiririka, unga kichwani, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Binasa kanitazama. Nikajua. Akaingia nyumbani kwangu, akatoka na turubai jeupe mabegani.

"Shuka la mbinguni! Mali ya binamu hailindwi!"

Vigelegele. Wanawake wote wananitazama kama nitakataa. Mimi? Mtu niliyelala bandari za Beira, Durban na Mombasa, nikatae kitambaa mbele ya vigelegele? Nikashika pembe mwenyewe, nikalitandika. Mwali kapita juu yake kama malkia. Na mimi nikatangaza: mwali wa leo anaonekana toka angani. Walicheka hadi mpiga ngoma kaangusha fimbo.

Halafu wamelichezea ngoma. Halafu mchuzi umemwagika.

Jumapili, 15 Juni

Turubai limekuwa kama kitambaa cha mama ntilie. Mafuta, bizari, unga, nyayo. Maji matupu hayakufanya kitu. Nimesugua hadi sponji imekatika.

Setilaiti inapita keshokutwa.

Nimetumia sabuni ya unga. Dharura ni dharura. Mafuta yametoka, likabaki na umanjano, kama meno yangu. Hapo akili ya pwani ikafanya kazi. Kanzu ikiingia umanjano tunafanyaje? Buluu ya kufulia. Nimekoroga buluu kwenye beseni kubwa, nikalichovya lote, nikalisuuza, nikalianika.

Jamani. Weupe! Hata siku walipolileta toka kwenye boksi halikuwa hivi. Imamu akiliona ataomba kanzu.

Sijamwambia Madam. Hakuuliza.

Jumanne, 17 Juni

Mbingu safi, hakuna wingu hata la kutupia jicho. Upepo unaleta harufu ya salfa wanayopulizia mikorosho ya ndani. Nimetandaza, nimepigilia vigingi, nimepiga picha, nimetuma. Setilaiti imepita. Huioni, lakini mimi huwa naipungia mkono. Heshima kwa mfanyakazi mwenzangu.

Madam amejibu kwa dole gumba.

Jumatano, 25 Juni

Madam kapiga simu toka mjini. Sauti ina furaha. Kwao ni Bukoba, kwa kawaida anazungumza kama anasoma hukumu. Kumbe jicho la setilaiti limekuwa likiona wekundu pungufu. Kipimo cha tarehe kumi na saba kimelifichua. Wamelirekebisha. Ramani yote ya mikoko ya mlango wa Ruvuma imechorwa upya na kupelekwa kwa watu wa misitu.

Amesema, "Kazi yako nzuri, Baba Shani."

Shani ni mwanangu, yuko Nanyamba anafundisha. Nimempigia nikamwambia baba yake ameipa setilaiti miwani. Akaniambia nipumzike.

Jumatatu, 30 Juni

Mkutano wa kijiji. Niandike haraka kabla sijajidanganya.

Kaja Afisa wa mikoko. Kijana mzuri, kiatu cha ngozi kwenye matope. Kabandika ramani kubwa ukutani mwa shule. Kijani ni mikoko mizima. Nyekundu ni iliyokatwa. Akasema waliokata watafyekewa walichopanda, eneo lirudi kwa mikoko. Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza: mtu wa mjini atajuaje kilichokatwa huku? Afisa akasema hapa kijijini kwenu yupo mtaalamu wa setilaiti. Naomba asimame.

Nikasimama. Mungu anisamehe, nilisimama vizuri. Nilivaa shati la Durban.

Nikasema setilaiti haina shemeji. Haili rushwa, haina kijiji, haimwogopi mwenyekiti. Nikasema mizani ya korosho imewaibia tangu enzi za babu zenu, lakini mizani hii siyo, kwa sababu jiwe lake nalishika mimi. Nikasema ikisema umekata, umekata. Nenda kamuulize mkeo ulikuwa wapi. Wakacheka. Wakapiga makofi. Binasa alipiga makofi kuliko wote, amesimama kwenye benchi, anapaza sauti, "Huyo ni wa kwetu! Huyo mlinda shuka!"

Afisa akasema ahsante sana. Akachukua kijiti akaanza kuonyesha maeneo mekundu, moja moja, na majina ya wenyewe.

La tatu lilikuwa la Binasa.

Alidhani utani. Akanitazama mimi, siyo Afisa. Akasubiri nicheke.

Akasema lile shamba ni la mama, halijawahi kuwa na mkoko tangu azaliwe, majirani wapo. Majirani walikuwepo. Walitazama miguu yao, kwa sababu mekundu yalikuwa mengi na kila mmoja alikuwa anahesabu lake. Afisa hakumkaripia. Alijibu kwa upole kabisa.

"Mama, mtaalamu wenu mwenyewe ameshasema. Haina shemeji."

Jumanne, 1 Julai

Sijatoka ndani.

Nimejiuliza kama kweli alikata. Nimejiuliza, mimi, niliyekuwa nikichunga mbuzi kando ya shamba lile na yeye akinirushia madongo. Mimi mshenzi.

Alhamisi, 3 Julai

Madam kaja mwenyewe bila taarifa. Hajalala vizuri, macho yamemwiva. Anasema ramani ina kasoro. Wekundu umetapakaa mpaka kwenye kisiwa cha mikoko katikati ya mto, ambako hata mwizi haendi kwa sababu ya mamba. Nani kakata huko? Akaomba aone turubai.

Nikalitandaza. Nikajivuna. Ndiyo, hata leo, ulimi hauna adabu. Akauliza limekuwaje jeupe namna hii. Nikamwambia siri ya pwani, Madam, buluu, hata kanzu ya bwana harusi haifuliwi hivi.

Aliketi juu ya chumvi na suruali yake ya ofisini.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Akanieleza taratibu kama anamweleza mgonjwa. Jicho langu na la setilaiti si moja. Buluu inakula wekundu wa mwanga. Jicho la setilaiti likaona wekundu kidogo, wao wakadhani jicho ndilo limepungukiwa, wakaliongezea. Sasa kila kitu duniani kimeongezewa wekundu ambao hakikuwa nao. Na jani la kijani likiongezewa wekundu, ramani inalisoma kama jani linalokufa. Mpunga unaotoa masuke, ambao wenyewe umeanza kupoteza kijani, unasomeka kama ardhi iliyofyekwa.

Nikasema kwa hiyo jicho halikuwa na ugonjwa.

Akasema, "Halikuwa na ugonjwa. Tumelivisha miwani ya mtu mwingine."

Akasema kosa ni lake pia, hakupaswa kukubali kufanya kazi bila kifaa cha mkono. Ni mtu mwema. Siyo msaada mkubwa leo.

Ijumaa, 4 Julai

Tumekwenda mjini pamoja, kwa gari la mradi. Madam kaandika maelezo: ramani isitumike. Kayapeleka kwa mkono wake. Mimi nikaomba niingie naye, nikavua kofia.

Afisa alitukaribisha chai. Akasoma. Akasema anaelewa kabisa. Akasema ramani imekuja na sahihi ya juu, haiwezi kuondoka kwa sahihi ya chini. Maelezo yatapanda ngazi zake. Jibu litashuka ngazi zake. Zoezi ni Jumanne, vijana wameshaandaliwa.

Madam akasema, "Lakini ni kosa. Hakuna aliyekata."

Akasema, "Madam, wiki iliyopita mlituletea ramani mkasema sasa ndiyo sahihi. Leo mnaleta karatasi mnasema sasa ndiyo sahihi. Mimi ni mtekelezaji. Niwaamini siku gani?"

Nikavaa kofia yangu, tukatoka.

Njiani kurudi, tulipofika Mtawanya, Madam kasimamisha gari, kashuka, kasimama nyuma ya gari kwa muda. Sikumfuata.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ofisi zimefungwa. Hakuna karatasi inayopanda wala kushuka.

Nimekwenda shambani kwa Binasa na mundu wangu. Nikamwambia tuvune leo, mimi na wewe, na vijana nitawaita. Kachuma suke moja, kaminya punje kwa kucha. Maziwa yakatoka. Akaniwekea kwenye kiganja.

"Utavuna uji, binamu?"

Nilitaka kumwambia. Nilikwenda kumwambia. Maneno yalikuwa yamepangwa: ni turubai, ni buluu, ni mimi. Yeye akanitangulia, akasema mbona umenuna, unajua sheria, ukinuna mwenye kosa ni wewe. Akacheka. Anasema hawatathubutu kufyeka mpunga wenye maziwa, hata shetani huwa anasubiri uive.

Nikacheka naye. Nikarudi na mundu wangu.

Jumanne, 8 Julai

Wamefyeka.

Vijana ni wa hapa hapa. Nawajua kwa majina, wengine nimewafundisha kuogelea. Walikuja na mapanga na nyimbo, kama wanakwenda kulima kwa kualikana. Afisa kasimama kwenye tuta na ramani imekunjwa mkononi. Leo kavaa buti.

Binasa kaingia katikati ya mpunga kakaa chini. Masuke yanamfika shingoni. Hakulia. Alikuwa anawatukana mmoja mmoja kwa ukoo wake, mama zao na bibi zao, na matusi yalikuwa mazuri, na vijana wakawa wanacheka huku wanamzunguka.

Hapo nikapanda kwenye tuta. Nikapaza sauti. Nikasema simamisheni, ramani ni ya uongo. Nimeifanya uongo mimi. Nikasema mwali wa Binasa alikanyaga turubai, likaingia mchuzi, nikalifua kwa sabuni, nikalitia buluu kama kanzu, na setilaiti imepofuka kwa buluu yangu. Nilisema kila kitu. Kwa mpangilio. Kwa sauti ya juu kuliko siku ya mkutano.

Wakacheka.

Walicheka kuliko siku zote za maisha yangu. Kijana mmoja kaegemea panga lake, machozi yanamtoka. "Setilaiti imetiwa buluu! Babu, utatuua!" Mwingine kauliza kama mwezi nao niliufua mimi. Afisa kacheka, kajifuta jicho, kaniambia kijiji hiki kina bahati kuwa na mtu kama mimi, kazi ngumu inakuwa nyepesi.

Nikaapa kwa Mungu. Wakacheka zaidi, kwa sababu huwa naapa.

Mtu mmoja tu hakucheka. Binasa kanyanyuka toka kwenye mpunga, ananitazama, mdomo wazi. Ananijua nikidanganya. Ananijua tangu tukiwa uchi. Aliona kwamba sidanganyi. Nikaona ameona.

Akatoka shambani mwenyewe. Hawakumshika. Alipita karibu yangu, begani kwangu kabisa, na hakunigusa.

Wakamaliza kabla ya adhuhuri. Mpunga mbichi ukifyekwa una harufu tamu. Ng'ombe wamekula.

Jumatano, 9 Julai

Nimewapiga vijana wawili. Wote wana nguvu kunishinda. Jino langu limetoka. Haikusaidia.

Jumapili, 13 Julai

Nimempelekea Binasa gunia la mchele. Nimeliweka mlangoni, sikubisha hodi. Nimeandika jina langu kwa mkaa ili ajue ni mali ya binamu, achukue tu, aichezee, aiuze, aitukane.

Jumatatu, 14 Julai

Gunia limerudi. Kaleta mwali mwenyewe kichwani, mshono haujaguswa. Kasema bibi kasema ahsante, ametosheka.

Ametosheka! Mtu ambaye tangu nijenge nyumba hii hajawahi kupita bila kubeba kitu. Kashanibebea sufuria na mboga ndani yake. Jogoo. Redio. Mlango wa choo, siku moja, kwa sababu alitaka kuanikia ming'oko, vile viazi vya porini.

Nimekaa na gunia.

Alhamisi, 24 Julai

Madam kaja na kifaa cha mkono, kimepona. Na turubai jipya. La zamani kalichukua, atalionyesha kwenye semina wajifunze. Tumepima jipya. Setilaiti imepita. Namba zimekubaliana vizuri kabisa. Jicho zima.

Jibu la Maelezo nalo limeshuka. Wamekiri kasoro. Ramani ya Juni imefutwa. Wenye maeneo yaliyoonewa watarudishiwa, baada ya kila eneo kuangaliwa upya kwenye ramani mpya iliyo sahihi. Litakaloonekana halijafyekwa linarudi kwa mwenyewe. Litakaloonekana limefyekwa linabaki la mikoko.

Nimesoma mara ya pili. Nimemwomba Madam asome, labda mimi shule yangu fupi.

Akafungua kompyuta juu ya boneti ya gari. Kisiwa cha katikati ya mto: kijani. Mikoko yote: kijani kizuri. Tukasogea hadi pembeni, shamba la mama yake Binasa. Jekundu. Umbo lile lile.

Nikasema rekebisheni.

Akasema, "Hakuna cha kurekebisha, Baba Shani. Sasa limefyekwa kweli."

Ameahidi atapigania. Najua atapigania. Nimemwambia niko tayari kutoa ushahidi. Akasema labda atafute mtu mwingine.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimetandaza asubuhi. Maji matupu, kivulini, vigingi. Chumvi imekauka vizuri mwezi huu.

Binasa kapita njia ile ile. Anakwenda kulima kibarua kwenye mihogo ya watu, kijiji cha Ziwani. Jembe begani. Nikanyoosha mgongo nikasubiri. Nilikuwa na turubai mkononi, nimeshika pembe, kama mjinga. Nilisubiri aseme chochote. Shuka. Miguu yangu. Jino.

Akasimama, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimia mgeni wa heshima.

"Asalaam alaykum, bwana mtaalamu. Habari za kazi."

Nikaitikia. Nikasema nzuri.

Akapita pembeni, mbali na turubai, asilikanyage.